Vichwa Ishirini na Saba vya Mama Mkwe

Usiku wa jana niliota mkasi wangu wa kazini umelala kitandani katikati yetu, mimi huku, mume wangu kule, umejifunika blanketi hadi shingoni, unalia.

"Una nini?" nikauuliza.

"Siwezi kulala," mkasi ukasema. "Kila nikifumba makali naona vichwa."

Mume wangu Mhina akageukia ukutani akasema tuzungumze polepole, kuna watu wamechoka.

Nieleze kwanza habari ya vichwa, maana hiyo si ya ndoto. Hiyo ni ya kweli, na imeninyima raha miezi sita.

Kwetu ni huku juu Usambara, kwenye ukungu na mashamba ya chai. Mbele ya nyumba yetu kuna kichaka cha maua ambayo wataalamu huyaita haidrenjia. Sisi nyumbani tunayaita vichwa, kwa sababu kila ua ni duara la vijiua vingi vilivyobanana, kubwa kama kichwa cha mtoto, rangi ya bluu. Kichaka ni cha mama mkwe wangu, Bi Zaliha. Alikipanda wiki aliyozaliwa Mhina, na kusema kweli, kati ya hao wawili sijui anampenda nani zaidi.

Mwaka jana mwezi wa nane Bi Zaliha alishuka Tanga kwa binti yake kutibiwa mtoto wa jicho, kwanza jicho la kulia, halafu la kushoto. Alikuwa haoni tena ila mwanga na kivuli. Siku ya kuondoka akaniambia, "Mke mwanangu, nikirudi na macho yangu, kitu cha kwanza nikione hapa nyumbani kiwe vichwa vyangu." Kisha akanipa maelekezo marefu ya kuvitunza, na mimi kila alipopumua nikajibu, "Nimesikia, mama."

Sikusikia hata moja. Nilikuwa nawaza gari litachelewa.

Sasa, mimi kazi yangu ni kupogoa chai, mwaka wa kumi na moja huu. Mti wa chai ukiukata ukawa bapa kama meza, unachipua kwa furaha. Mtu wa kazi hii akiona kichaka kimepanda huku kimeshuka kule, mikono inamwasha. Mama hajamaliza wiki Tanga, nikachukua mkasi nikakisawazisha kichaka chake. Nikarudi nyuma hatua tatu, nikakitazama, nikajisifu kwa sauti.

Kikachipua majani mazuri ajabu. Ua, hata la dawa. Mwezi wa kumi na mbili hakuna, wa kwanza hakuna. Ndipo mtu mmoja mwenye kitalu cha maua akanieleza, huku akinionea huruma, kwamba vichwa si chai. Ua la mwaka huu hulala ndani ya tawi la mwaka jana. Ukikata tawi, umekata ua likiwa usingizini.

Mama akipiga simu huuliza, "Vichwa vyangu vipo?" Na mimi hujibu, "Vipo mama, vikubwa kama masufuria." Na mama anarudi leo mchana, macho yote mawili yanaona.

Basi, turudi kitandani.

"Vilikuwa ishirini na saba," mkasi ukaendelea. "Nilivihesabu. Kimoja kilikoroma."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe ni mtu wa kuambiwa?"

 Na hapo hapo nasikia hodi.

Naenda sebuleni na kukuta mgeni ameshajikaribisha. Ni kichaka. Kimeketi kwenye kiti cha mama, kimejitanda mtandio juu ya matawi kama mwanamke aliyenyolewa akaona haya. Mhina, aliyekuwa amelala sasa hivi, yuko pale na jagi mkononi, amevaa shati la kutokea.

"Shikamoo," naamkia.

"Marahaba. Maji."

Mhina anampa jagi. Mgeni hanywi kwa mdomo, anatumbukiza miguu. Jagi linakauka. Analetewa birika, linakauka, pamoja na chai iliyokuwemo. Analetewa ndoo. Analetewa beseni ambalo binti yetu Tunu alikuwa ameloweka sare za shule, sare zinabaki kavu kama zimepigwa pasi.

"Karibu tena," anasema Mhina, kwa adabu kabisa.

Saa ya ukutani inagonga saa sita mchana. Hakuna aliyeuliza usiku umekwenda wapi. Mgeni analegea kwenye kiti, majani yote yananing'inia, mtandio unamfunika uso. Mhina anapiga kelele, anakimbilia bomba, anarudi na ndoo mbili.

"Wewe," mgeni anasema bila kufumbua macho, "weka hizo ndoo chini. Nimezirai tu."

"Si una kiu?"

"Nimekunywa beseni zima, kiu itoke wapi? Hili ni jua. Kila saa sita nazirai, kila jioni naamka, ndiyo desturi yangu. Ukinimwagia sasa utaniozesha miguu. Mtu akisinzia mnampa chakula?"

Akazirai vizuri. Sisi tukakaa kama watu wanaomlinda mgonjwa. Baada ya muda saa ya ukutani ikachoka kusubiri, ikajiruka yenyewe hadi saa kumi na mbili jioni. Mgeni akanyanyua majani moja moja, akajinyoosha, akanigeukia.

"Mama Tunu. Vichwa vyangu viko wapi?"

"Nilikata," nikasema. "Nilidhani wewe ni chai."

"Mimi nimekudhania mambo mengi, sijakukata." Akavuta mtandio. "Vichwa viko mwaka jana. Nenda kavilete kabla mama hajafika."

"Mwaka jana napita wapi?"

Akaninyooshea tawi lenye kovu. "Hapa ulipokata. Ingia."

Kovu lilikuwa dogo kama kitufe cha shati. Nikaingiza kidole gumba, kikapita. Nikaingiza mkono, bega, kichwa. Mhina akanisukuma kwa nyuma kama mtu anayejaza gunia la kabichi, akaniambia nikifika nimsalimie mama.

Ndani ya tawi kuna ofisi. Nyuma ya meza ameketi konokono mwenye miwani, na sakafu imegawanywa mara mbili. Kushoto imemwagwa majivu ya jikoni. Kulia kuna machicha ya chai na majani makavu ya misonobari.

"Vua ndara, kanyaga," anasema konokono.

Nakanyaga kushoto, kwa mazoea. Vidole vinaanza kugeuka rangi ya waridi. Waridi linapanda kwenye kifundo, kisha kwenye ugoko.

"Majivu," anasema konokono, akiandika kwa ute. "Mnamwaga majivu ya jikoni kwenye shina la maua?"

"Tunafukuzia siafu."

"Siafu wanaondoka, bluu nayo inaondoka. Mwaka jana vichwa vyenu vilikuwa bluu. Mtu wa waridi simpitishi, atazua maswali. Hamia kulia."

Nahamia kwenye machicha ya chai. Miguu inakuwa bluu, halafu mapaja, halafu kiuno. Nimekaa na chai miaka kumi na moja na hata siku moja haijanipendeza namna hii. Nikajigeuza kidogo nijione na nyuma.

"Inatosha," anasema konokono. "Sasa sheria ya mwisho. Kila kinachotoka kwenye mti mmoja kwenda kuanza maisha pengine lazima kikatwe nusu ya jani, kisije kikatoka jasho lote njiani kikafa. Wewe jani lako ni lipi?"

Nikajitazama. Nilikuwa nimevaa kanga tu, mpya kabisa. Mhina ameileta Jumapili hii iliyopita kwa ajili ya kumpokea mama, kipande kimoja chake, kimoja changu. Imeandikwa MGENI NJOO MWENYEJI APONE.

"Nusu ya kanga mpya!" nikafoka. "Una wazimu? Hata haijafuliwa!"

"Sheria ni sheria."

"Kata pindo."

"Robo."

"Nasema pindo."

Tukavutana hivyo hadi akatokwa na povu. Mwisho akasema, "Haya, neno moja," akachana ukanda kwenye maandishi, akaondoka na APONE. Nikabaki nimevaa MGENI NJOO MWENYEJI, nikaingia mwaka jana.

Mwaka jana ni bweni. Ni ujia mrefu wa kijani, vitanda huku na huku, na kwenye kila kitanda amelala ua, kichwa kimoja cha bluu, amefunikwa shuka hadi kidevuni. Ishirini na saba. Wanapumua pamoja. Yule wa kitanda cha tisa anakoroma, mkasi haukusema uongo.

Mmoja anafumbua jicho. "Zamu yetu imefika?"

"Bado, lala."

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni mtu wa maji," nikadanganya, kwa sababu kudanganya siku hizi kunanitoka bila kupiga hodi.

Tenga langu la chai liko mgongoni, sikumbuki kulivaa. Nawabeba mmoja mmoja na shuka zake, nawatumbukiza. Ni wepesi kama mikate ya mofa. Nafurahi, jamani. Nafurahi hadi nacheza peke yangu ujiani. Nitarudi na vichwa vyote ishirini na saba, nitavibandika mahali pake, mama atashuka kwenye gari, ataona, na hakuna atakayejua lolote. Wala sitakuwa nimesema uongo, nitakuwa nimetangulia kusema ukweli.

Nafungua mlango wa bweni na kujikuta uani kwetu, asubuhi ya mwezi wa nane. Baridi ile ile. Mama ameketi kwenye kigoda karibu na kichaka, begi lake miguuni, macho yake yana lile wingu jeupe. Mbele yake nimesimama mimi, mimi wa mwaka jana, nimevaa gauni la kazini, natazama barabarani.

"Usikikate juu," mama anasema. "Kama kuna ua lililokauka, toa hilo ua tu, juu ya macho mawili ya kwanza, pale machipukizi yanapotokea."

"Nimesikia, mama," nasema mimi wa mwaka jana.

"Kipate jua la asubuhi, la mchana kikae kivulini."

"Nimesikia, mama."

"Majivu hapana. Machicha ya chai, sawa."

"Nimesikia, mama."

"Mke mwanangu, nimesema nini?"

"Gari hilo linakuja, mama."

Nilitaka kumzaba kofi, lakini ukimzaba kofi mtu wa namna hiyo, shavu litakalouma ni la nani? Njia ya kutokea iko nyuma ya kigoda. Mama haoni. Napita kwa ncha za vidole, tenga mgongoni, bluu kiunoni. Hatua mbili zimebaki. Kichwa cha kitanda cha tisa kinakoroma.

Mama anageuza shingo. "Nani huyo?"

Na mimi wa mwaka jana, ambaye ananiona waziwazi, anajibu haraka, "Hakuna mtu, mama."

Hapo miguu ikakataa. Nimejisikia nikidanganya kwenye simu mara nyingi, ila sijawahi kusimama pembeni nikajitazama nikimdanganya mama yule, asiyeona, usoni pake. Nikaona aibu iliyonifikia hadi kwenye ngozi ya bluu. Njia ya mwongo fupi, husema watu, na yangu ilikuwa imebakiza hatua mbili.

"Ni mimi, mama," nikasema. "Wa mwaka ujao."

"Nilijua. Unanuka kanga mpya." Akanielekeza nikae kwenye mkeka kando yake. "Umebeba nini?"

"Vichwa vyako. Nilikata, mama. Hukuwa umemaliza hata wiki Tanga. Nilikisawazisha kichaka kama meza ya chai, vyote ishirini na saba. Na kwenye simu nakwambia vipo, vikubwa kama masufuria. Hakuna hata kimoja. Leo unarudi na macho yako na hakuna cha kuona."

Mimi wa mwaka jana akashika mdomo. "Jamani," akasema, "mimi nitafanya hivyo?"

"Kama meza ya chai?" akauliza mama.

"Bapa kabisa."

Mama akaanza kutikisika. Nikadhani analia, nikapiga magoti. Kumbe anacheka. Anacheka hadi kigoda kinaruka, begi linaruka, kuku wanapanda juu ya paa. Vichwa vinaamka ndani ya tenga, navyo vinacheka bila kujua kuna nini, vinauliza, "Zamu? Zamu?" Mimi wa mwaka jana anacheka. Nami nikashikwa, nikacheka hadi nikalala chali.

"Mimi," akasema mama akijifuta machozi, "wakati nina mimba ya Mhina, mama mkwe wangu alikuwa na kichaka kama hiki, kule kwao bondeni. Alikwenda kwenye arusi siku tatu. Nikakikata chote nikawapa mbuzi. Mbuzi wakaumwa matumbo, mzee mzima akarudi kutoka arusini akakuta mbuzi wamelala na mkwe amejificha chooni. Nilikaa chooni hadi magharibi."

"Alikufanya nini?"

"Alinipa kipande cha tawi nikapande changu. Ndicho hicho." Akaonyesha kichaka. "Sasa rudisha watoto kitandani."

"Mama, na leo utaona nini?"

"Ukivibeba vitanyauka kabla ya saa sita. Mwaka jana haubebwi kwa tenga. Sogea, nikuonyeshe, na safari hii ukisema umesikia nitakuuma."

Sikusema. Nilitazama. Akapapasa kichaka kwa vidole hadi akapata tawi alilolitaka, akalikata chini ya kifundo, urefu wa shibiri moja. Akatoa majani ya chini. Yale mawili ya juu akayakata nusu. Akalichomeka kwenye kopo lenye udongo, akaliegemeza kwenye kijiti.

"Kitambaa cha kufungia," akasema, mkono mbele.

Konokono akatokea chini ya kigoda, akahema sana, maana alikuwa amekimbia, akamkabidhi ukanda wa kanga yangu. Mama akafunga mafundo mawili. Akachukua chupa ya maji iliyokatwa kitako, akaifunika juu yake kama chandarua.

"Nyuma ya tangi," akasema. "Kuna kivuli, na wewe huwa hufagii kule."

"Mama!"

"Uongo?"

Gari likapiga honi. Nikataka kumkumbatia, lakini honi ikazidi, ikawa mkasi, unapiga makali yake kwa furaha na kupiga kelele, "Kimoja kimepona! Kimoja kimepona!" na vichwa vyote vikapokea, na kitanda kikaanza kwenda mbio.

"Mama Tunu!" Ni Mhina, ananitikisa bega. "Amka, unanipiga mateke. Halafu unacheka. Unamcheka nani asubuhi hii?"

Kumekucha. Mkasi uko kwenye msumari wake nyuma ya mlango, kimya, kama kawaida yake. Miguu yangu haina bluu. Nikainuka kujifunga kanga vizuri, nikaona pindo la chini limechanika, si kubwa, kama upana wa vidole viwili. Palipoandikwa neno la mwisho pana tundu.

"Panya hao," Mhina akasema. "Kanga ya juzi tu, wameshaanza."

 Nilitoka bila ndara, nikapita kichaka cha mama, majani matupu, nikaenda nyuma ya tangi. Kweli sifagii kule. Kuna matofali, ndoo mbovu, magugu hadi magotini. Nikayatenganisha.

Chupa ilikuwa pale, imejaa umande kwa ndani, kijani cha ukungu kando kando. Nikaifuta kwa kiganja. Ndani yake kijiti, na kwenye kijiti mche mmoja wima, na juu ya mche kichwa kimoja cha bluu, kidogo, si kikubwa kuliko kikombe cha kahawa, kimekandamizwa na chupa lakini kimefunguka.

Kimefungwa kwa ukanda wa kanga, mafundo mawili. Ukanda umechakaa, umepauka kwa jua na mvua ya miezi sita, nyuzi zimetoka. Herufi bado zinasomeka. APONE. Nikaufikisha kwenye tundu la kanga yangu ya Jumapili, mpasuko kwa mpasuko. Ukakaa.

Nikakaa chini kwenye magugu. Nilikuwa nacheka peke yangu. Kisha nikatoa simu, kwa sababu nilijua nisipopiga sasa, sitapiga tena, nitasubiri nione kama kikombe kimoja kinaweza kumpumbaza mtu akadhani ni masufuria.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mke mwanangu. Ndiyo tunapanda gari."

"Mama, kabla hujafika, kuna jambo la vichwa vyako nataka nikwambie. Nilikudanganya. Mimi nili..."

"Lakini hilo si uliniambia mwaka jana?" akasema Bi Zaliha, na nyuma ya sauti yake nikasikia mlango wa gari ukifungwa. "Usiniondolee chupa mpaka nifike. Na fagia huko nyuma, safari hii nitaona."